Kiti cha Kukunja Kwenye Mzunguko wa Kwanza

Mara ya kwanza niliposhiriki matembezi ya hisani ya kuchangia utafiti wa saratani na huduma za wagonjwa, nilibeba kiti cha kukunja. Dada yangu mkubwa alikuwa katikati ya matibabu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa utumbo mpana na kuanza kemo, yaani tiba ya dawa za kuua saratani, na dawa hizo zilimwachia ganzi kwenye nyayo, hata akawa anakanyaga kwa kupapasa kama mtu anayepita gizani katika chumba asichokijua. Waandaaji walikuwa wametenga mzunguko wa kwanza kwa ajili ya wagonjwa na waliopona, kila mmoja akiwa na mtu wake wa kumsindikiza. Mzunguko ule wa mita 400 ulituchukua karibu nusu saa, na katika muda huo dada aliketi mara tatu. Nilihofu kwamba angeona aibu kutazamwa na watu wote wale waliokuwa wakisubiri zamu yao kando ya uwanja, lakini hakuna aliyetuhimiza tufanye haraka, na kila alipoinuka kitini watu waliokuwa karibu walimpigia makofi kwa upole.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa na swali ambalo nadhani wengi wanalo: ikiwa kinachotafutwa ni fedha, kwa nini kila mtu asitume mchango wake, akabaki nyumbani akapumzika? Jibu nililipata baadaye, niliposoma jinsi mojawapo ya harakati kubwa za namna hii ilivyoanza. Mwezi Mei mwaka 1985, Gordon Klatt, daktari wa upasuaji wa utumbo mpana katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington nchini Marekani, alizunguka uwanja wa michezo kwa saa 24, akitembea na kukimbia zaidi ya maili 83, ambazo ni takriban kilomita 134. Marafiki zake walitoa dola 25 kila mmoja ili waandamane naye kwa nusu saa, na hadi alipomaliza zilikuwa zimepatikana dola 27,000 kwa ajili ya shirika la saratani la nchi yake. Mwaka uliofuata timu 19 zilijitokeza kupokezana zamu uwanjani, na mpango huo, unaoitwa Relay For Life, umeenea katika nchi nyingi. Kilichonigusa katika habari hii ni ile nusu saa. Watu wale wangeweza kutoa dola zao 25 bila kuuona uwanja, lakini walichotaka ni kuwa kando ya mtu aliyechoka, wengine usiku wa manane, naye akijua kwamba hayuko peke yake.

Miaka mitano kabla ya Klatt, kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu mmoja kwa sababu ya saratani ya mfupa, alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143 na kupita kilomita 5,373, hadi tarehe 1 Septemba 1980 alipolazimika kusimama kwa kuwa saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki mwezi Juni 1981 akiwa na umri wa miaka 22. Mbio zinazofanyika kila mwaka kwa jina lake hazina mshindi wala zawadi ya aliyetangulia, na naona utaratibu huo unafaa kuigwa kila mahali. Niliwahi kuhudhuria matembezi mengine ambayo waandaaji waliwatanguliza wakimbiaji wenye kasi kwa shamrashamra kubwa, wagonjwa wakaachwa mwisho. Walipofika, muziki ulikuwa umezimwa na watu wameanza kutawanyika. Sidhani kulikuwa na nia mbaya, lakini dada yangu hakusema neno njiani tulipokuwa tukirudi, nami sijasahau ukimya ule.

Kuhusu fedha zenyewe, nimejifunza kuuliza bila kuona haya. Mwandaaji mwaminifu hukueleza mapema ni kiasi gani kitatumika kwa fulana, vipaza sauti na ulinzi, nani anagharimia vitu hivyo, na mchango wa mtu wa kawaida utaishia wapi. Kisha baada ya tukio hutoa hesabu ambayo hata asiye mhasibu anaweza kuifuatilia. Ni muhimu pia aseme ni sehemu gani inakwenda kwenye utafiti na ipi inakwenda kwa wagonjwa, kwa sababu mahitaji haya mawili yana saa tofauti. Utafiti hudai subira ya miaka, ilhali mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi, ambaye kwa kawaida hutakiwa hospitalini siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki kadhaa, anahitaji nauli kesho asubuhi. Katika ukumbi wa kusubiri nilikutana na watu waliokuwa wamekosa vipindi vya matibabu, ilhali mashine ilikuwapo na daktari alikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa nauli, au mahali pa kulala karibu na hospitali. Mfuko wa nauli haupendezi pichani kama maabara mpya, na labda ndiyo sababu haupewi uzito unaostahili.

Hata hivyo siwezi kuudharau utafiti, hasa kwa kuwa mmoja wao unahusu jambo hili hili la kutembea. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemo. Baadhi yao walipewa programu ya mazoezi ya miaka mitatu wakiwa na msimamizi wa kuwafuatilia, na wenzao wakapewa maelezo ya kiafya ya maandishi tu. Baada ya miaka mitano, takriban asilimia 80 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila saratani kurudi, ikilinganishwa na takriban asilimia 74 ya wenzao. Mazoezi hayo hayakuwa ya wanariadha. Kutembea kwa haraka kulitosha kuhesabiwa. Klatt, aliyeutibu utumbo huo huo kwa kisu, alifariki mwaka 2014, na kila ninapoyasoma matokeo haya natamani angeyaona.

Jambo moja bado linanisumbua. Kwenye majukwaa yetu tunapenda kusema kwamba fulani amepigana na ameshinda, na wanaopona hustahili kabisa kushangiliwa. Lakini katika umati ule wapo pia walioambiwa kwamba sasa ni tiba shufaa tu, yaani ya kupunguza maumivu na si ya kuponya, na wapo waliozika wiki iliyopita, nao wakisikia maneno hayo wanaweza kudhani kwamba mtu wao hakujitahidi vya kutosha. Ndiyo maana naithamini sana sehemu ya usiku ya matembezi haya, pale muziki unaposimamishwa na taa ndogo zenye majina zinawashwa kuzunguka uwanja. Majina ya waliopo na ya waliotutoka huwekwa pamoja bila kutenganishwa, na watu hutembea kimya wakiyasoma.

Mwaka wa pili nilikibeba tena kile kiti. Dada, ambaye sasa alikuwa amemaliza kemo, hakukihitaji, ingawa ganzi ilikuwa haijamwisha. Tulipofika kwenye kona ya pili tulimkuta mzee mmoja tusiyemfahamu, ameshika magoti yake akihema, na mwanawe akiangaza huku na huku asijue la kufanya. Dada alinichukulia kiti mkononi, akakikunjua, akamwambia, "Karibu uketi, baba, hatuna haraka." Kisha akasimama kando yake, akaanza kumuuliza kuhusu ganzi ya nyayo.