Klabu Yetu Ilianzia Kwenye Mtaro

Mwaka 2019, kabla ya kununua mpira, tulinunua sepetu mbili na kukodi toroli moja. Wageni wanaofika kwetu Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, kuuliza jinsi ya kuanzisha klabu ya soka mtaani mwao hushangaa wakisikia hivyo, kwa sababu swali lao la kwanza kwa kawaida ni bei ya jezi. Kiwanja chetu kilikuwa eneo la wazi lenye mteremko kidogo, lililopakana na mtaro wa maji machafu, na kila mvua za masika ziliponyesha mtaro huo ulifurika ukazitapika taka za mtaa mzima kwenye kona ambako watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. Watu kumi na mmoja tulikutana kwenye kibanda cha seremala, tukakubaliana kwamba hatungemwomba mzazi yeyote amlete mtoto wake mahali pale kabla hatujapasafisha.

Wazo la kuunganisha usafi na kandanda hatukulibuni sisi. Chama cha michezo ya vijana cha Mathare jijini Nairobi, MYSA, kilichoanza mwaka 1987, kilijulikana kwa utaratibu wake wa kuzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, pamoja na zile za kushinda mechi, na ni katika chama hicho ilikozaliwa Mathare United iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Sisi hatukuwa na ligi ya kutoa pointi, kwa hiyo tuliweka kanuni moja tu: asiyefika kwenye mtaro Jumamosi asubuhi hachezi Jumapili alasiri. Kanuni hiyo ilijaribiwa mapema. Mshambuliaji wetu hodari kuliko wote alilala nyumbani Jumamosi mbili mfululizo, na kocha akamketisha nje tukafungwa mabao manne. Wapo waliomlaumu kocha hadharani siku hiyo. Mimi naamini ndiyo siku klabu ilipozaliwa, maana Jumamosi iliyofuata kijana yule alifika kabla ya sisi sote, akiwa na buti za mpira za baba yake.

Lakini mtaro ule haukuwa wa maji machafu peke yake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita Januari 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika Nakuru, na nakumbuka jinsi majirani walivyobeba magodoro usiku kuvuka upande mmoja au mwingine kulingana na lugha waliyozungumza nyumbani. Amani iliporejea, watu walirudi kwenye shughuli zao, wakauziana sukuma wiki na kupanda matatu moja, lakini mtaro ukabaki kuwa mpaka ambao hakuna aliyeutangaza na kila mtu aliujua. Kulikuwa na vijana wa juu na vijana wa chini. Timu za kuokoteza zilizocheza pale zilipangwa hivyo hivyo, juu dhidi ya chini, na mara nyingi kipenga cha mwisho hakikumaliza ugomvi.

Ndiyo sababu jambo tulilolijadili kwa muda mrefu kuliko yote lilikuwa namna ya kugawa timu. Nimelelewa katika nyumba ya mashabiki wa Gor Mahia na jirani zetu wa karibu walikuwa wa AFC Leopards, kwa hiyo najua vizuri kile ambacho jamii inaweza kukijenga kwa mpira. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 kama klabu ya Abaluhya. Watu waliohamia mjini kutafuta kazi walipata katika klabu hizo mahali pa kuitwa ndugu, na huo ni wema mkubwa ambao siwezi kuudharau. Baba yangu alinisimulia jinsi Gor ilivyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia, kwa faida ya mabao ya ugenini, na jinsi jirani yetu wa Leopards alivyokuja usiku ule kubisha mlango akiwa na kuku mkononi. Hata hivyo, klabu ya mtaa ina kazi tofauti. Inawakusanya watu walio tayari mahali pamoja bila kuchaguana, na ikijengwa juu ya kabila moja itakuwa imeuchimba mtaro upya.

Tuliamua kwamba timu za mazoezi zitapangwa kwa kura kila wiki: vifuniko vya soda ndani ya kofia, vyekundu na vyeupe. Wavulana wakubwa waliichukia mno njia hiyo. Kwa miezi miwili ya kwanza ungemwona mchezaji akizuia mpira badala ya kumpasia mwenzake wa upande wa pili wa mtaro, hata kama mwenzake huyo alikuwa peke yake mbele ya lango. Hatukuwahubiria. Tuliendelea kuzungusha kofia.

Watu wasiocheza ndio walioleta mabadiliko ambayo kofia ile isingeyaleta. Seremala alikata milingoti ya mkaratusi na kupima lango kwa kamba, mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwa kimo, akisisitiza kwamba mtoto aliyezoea lango dogo ataaibika akikanyaga uwanja halisi. Wavu tulikosa. Mama mmoja wa upande wa chini, anayeuza omena, alituletea vipande vya nyavu kuukuu za uvuvi alivyovitoa Kisumu, vikiwa bado vinanuka ziwa. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlingoti, akamwita kipa wetu, kijana wa upande wa juu, akamfundisha fundo la wavuvi: uzi uzungushwe kwenye kidole, upitishwe chini ya jicho la wavu, kisha uvutwe kwa meno hadi ukaze. Walishona alasiri nzima. Hadi leo wavu ukichanika, kipa yule hamngoji mtu. Na mama yule humwita mwanangu mbele ya watu, neno ambalo miaka michache awali lisingevuka mtaro.

Hazina tulimkabidhi mama mboga aliyekwisha kuongoza chama cha akina mama kwa miaka mingi. Kila mchezaji mkubwa hutoa shilingi 20 kwa wiki, watoto hawatozwi, na kila Jumapili kabla ya mechi daftari husomwa kwa sauti, pamoja na bei ya chokaa ya kuchorea mistari. Usajili ni jambo la kufuatilia mapema: kundi la jamii sasa huongozwa na sheria ya mwaka 2022 inayotaka wanachama wasiopungua kumi, na klabu ya michezo ina utaratibu wake kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Lakini imani ya watu tuliipata kwenye daftari, si kwenye cheti.

Katika kampeni za mwaka 2022 imani hiyo ilipimwa. Mwaniaji mmoja wa kiti alituma ujumbe kwamba angetupa seti mbili za jezi mpya zenye picha yake kifuani. Vijana walizitaka, na sikuwalaumu, kwa kuwa walikuwa wakicheza na fulana za mitumba tulizozitia rangi wenyewe kwenye sufuria. Mkutano ulidumu hadi giza likaingia. Mzee mmoja, ambaye nyumba yake iliteketea mwaka 2008, alisimama akauliza swali moja tu: mtoto anayevaa picha hiyo atavuka mtaro saa ngapi? Tulijibu kwamba tungezipokea jezi hizo kwa shukrani zikiwa hazina picha. Hazikuja.

Timu ya wasichana ilianza mwaka huo huo, na ingeanza mapema kama tungewauliza wenyewe. Tulidhani wazazi ndio waliokataa, kumbe kikwazo kilikuwa saa: mazoezi ya saa kumi jioni yaligongana na zamu za kuchota maji na kupika. Tulipoyahamishia Jumamosi saa tatu asubuhi, mara baada ya usafi, walifika ishirini na wawili.

Uchaguzi ulifanyika Jumanne tarehe 9 Agosti na hadi Jumapili mshindi wa urais hakuwa ametangazwa. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na familia kadhaa zilikuwa zimewapeleka watoto mashambani. Baadhi yetu tulitaka kuahirisha mazoezi. Kocha alisema kwamba atachora mistari na kusubiri, naye akachora, akitikisa kopo lake la chokaa lenye matundu kutoka kona hadi kona huku kiwanja kikiwa kitupu. Wa kwanza kufika alikuwa kipa, akiwa na uzi mfukoni. Wakafuata wengine, kutoka pande zote mbili, na baadhi ya wazazi wao wakasimama pembeni wakiwa wamekunja mikono, jambo ambalo hawakuwa na desturi ya kulifanya siku za mazoezi. Kofia ikazungushwa.

Ukurasa wa siku hiyo bado uko katika daftari, kwa mwandiko wa mama mboga: Jumapili 14 Agosti 2022, wachezaji 31, wote wamelipa, chokaa imeisha.