Nimesimama mbele ya dirisha la Lacock

Leo mchana nilikuwa Lacock, kijiji cha kale cha Wiltshire, Uingereza, chenye kanisa la Mtakatifu Cyriac, ghala la zaka na nyumba za mawe na mbao zilizobanana.

Hata hivyo, moyo wangu ulibaki kwenye abasia, makao ya kale ya watawa, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1232.

Humo limo dirisha ambalo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alilipiga picha Agosti 1835, na negativu yake (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa), ndogo kama stempu ya barua, ndiyo kongwe zaidi iliyosalia duniani.

Nilitazama vile vioo vidogo vya pembe nne, mwanga ukipenya, nikashindwa kuondoka.

Ndugu zangu, ni jengo gani la kale lililowahi kuwagusa hivyo? Niandikieni hapa chini.