Nilivyochagua risasi ya kuwindia dubu mweusi Maine, Marekani

Kabla ya kufikiria risasi nilitaka kwanza kumjua mnyama mwenyewe. Dubu mweusi anatisha kwa jina kuliko kwa uzito. Dume aliyekomaa, akishanenepa kwa mbegu za msituni kujiandaa kwa usingizi wa majira ya baridi, anaweza kupita kilo 200, lakini wengi wanaowindwa hawafikii hapo, na jike wa kilo 70 au 80 ni wa kawaida kabisa. Huyo ni mwepesi kuliko tandala mdogo dume. Mifupa yake haina unene wa mifupa ya nyati, wala ngozi yake si ya kiboko.

Nalisema hili mapema kwa sababu sisi tuliotoka Tanzania tunakuja na hesabu za kwetu. Mimi ni wa Mpanda, na baba yangu mdogo alikuwa askari wa wanyamapori upande wa Katavi. Nilimpigia simu kumweleza kwamba nimemaliza kozi ya usalama wa bunduki na nimepata leseni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unamtaka dubu. Chukua .375, usicheze na mnyama mwenye makucha."

Kwa wanyama aliowazoea, maneno yake ni ya kushika. Tanzania hairuhusu kumpiga nyati au tembo kwa bunduki ya kaliba (upana wa mtutu, kwa inchi) iliyo chini ya hiyo. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotoka kwa mafundi wa London mwaka 1912, ina kichwa cha gramu 19 na nguvu ya karibu jouli 5,800. Lakini nguvu yote hiyo kwa dubu wa kilo 90 ni ya nini? Nilimshukuru mzee, nikaendelea kuuliza wanaowinda huku.

Kilichonisaidia zaidi ni kuangalia jinsi uwindaji wenyewe unavyofanyika. Msimu wa Maine hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na katika wiki nne za mwanzo chambo kinaruhusiwa. Unakaa kwenye dungu juu ya mti, chambo kiko mita 30 au 40 mbele yako, msitu wa misonobari umekuzunguka na chini ni kinamasi. Kwa umbali huo, sifa ya risasi kwenda mbali bila kushuka haina maana. Wauzaji walinisifia risasi za .300 Winchester Magnum (magnum ni zile zenye baruti na nguvu zaidi) na 6.5 Creedmoor kwa mita 400, na mimi sikuwa na mahali pa kuona hata mita 80.

Jambo la pili ni saa. Dubu mkubwa hupenda kuja jua likizama, na sheria inakutaka uache kupiga nusu saa baada ya machweo. Maana yake, ukimpiga na asianguke palepale, utamfuata gizani ndani ya kinamasi. Hapo ndipo mwili wake unapokuletea taabu. Manyoya marefu hunyonya damu kama godoro, na mafuta ya chini ya ngozi huziba tundu dogo la risasi. Tena wewe uko juu, risasi inaingia kwa mshazari kutoka mgongoni kwenda chini. Isipotokeza upande wa pili, damu inajaa kifuani na ardhini halidondoki tone la kufuata. Mnyama anakufa peke yake usiku, humwoni, nyama inaharibika. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko makucha yoyote, na ndilo lililoamua kila kitu: nilitaka risasi itakayopita mapafu yote mawili na kutoka, tundu la kutokea likiwa chini ya kifua.

Nikaanza kupunguza. .243 Winchester inaua dubu kila mwaka mikononi mwa wenye shabaha nzuri, lakini kichwa chake cha gramu 6 na ushee hakikuachii nafasi kubwa dubu akisimama vibaya. .300 Winchester Magnum niliijaribu uwanja wa shabaha kwa bunduki ya jirani. Baada ya milio michache macho yalikuwa yanafumba kabla sijafyatua, na mtu anayefumba macho hana haki ya kumwelekezea mnyama bunduki. .30-30, ya tangu mwaka 1895, niliipenda sana. Kwa mita 40 inatosha kabisa. Ila nilihitaji bunduki moja itakayonifaa pia kwa kulungu wa huku (deer) mwezi Novemba, kwenye maeneo yaliyokatwa miti ambako mtu anaweza kuona mbali. .30-06 ingeweza kazi hiyo. .308 Winchester pia, kwa ganda fupi zaidi, bunduki nyepesi kidogo na teke pungufu kidogo, na hupatikana hata kwenye duka dogo la kijijini. Nikachukua .308. Ina jouli 3,600 hivi ikitoka mtutuni, na sijaona dubu mweusi anayehitaji zaidi.

Watu wengi huishia hapo, kwenye namba iliyoandikwa kwenye mtutu. Kwa maoni yangu namba hiyo ina uzito mdogo kuliko kichwa cha risasi chenyewe. Vya bei rahisi vina madini ya risasi ndani na gamba jembamba la shaba nje. Vikigonga mfupa wa bega kwa karibu, vikiwa bado na kasi kubwa, vinaweza kuvunjika vipande na kuishia ndani. Tatizo hilo ni la zamani. John Nosler, mwindaji Mmarekani, alilikuta kwa moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko Kanada, akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati ili nusu ya nyuma isivunjike, akaanza kukiuza mwaka 1948. Siku hizi kuna vingine ambavyo gamba limegandishwa na kiini, na kuna vya shaba tupu.

Nilichagua shaba tupu, gramu 9.7. Hufunguka mbele kama inavyotakiwa lakini uzito haupotei, kwa hiyo hata chepesi kinapenya. Vinahitaji kasi ili vifunguke, na kwa mita 40 kasi ipo tele. Sababu yangu nyingine ni watoto: nyama hii wanaila, na sitaki chembe za madini ya risasi kwenye sufuria.

Nilifanya mazoezi nikiwa nimekaa kama nitakavyokaa dunguni, si juu ya meza. Dubu alipokuja alisimama upande, mguu wa mbele ukiwa umefunika kifua. Moyo wa dubu uko chini na mbele, kwa hiyo nilisubiri auvute mguu mbele, nikalenga katikati ya kifua, nyuma kidogo ya bega. Alikimbia mita 40 hivi, nikasikia ule mlio mrefu wa kukata roho. Damu ilianza hatua chache tu kutoka kwenye chambo, na tundu la kutokea lilikuwa chini, nilipolitaka.

Nilimpeleka kituo cha usajili na kutoa jino lake moja, ambalo wataalamu wa jimbo hulitumia kujua umri. Nyama tunaipika mpaka ndani ifike nyuzijoto 71, kwa kuwa dubu hubeba minyoo ya trikinela na kuigandisha kwenye friza hakutoshi kuiua.

Mwakani nakwenda na rafiki yangu wa Uvira, naye tunaishi mji mmoja huku. Ana .30-30 ya zamani na alitaka kuiuza anunue ya magnum. Nimemwambia aibakishe, anunue risasi za kichwa cha gramu 11 zilizotengenezwa vizuri, na pesa inayobaki aimalizie uwanja wa shabaha.