Nilifuata iliki, nikarudi na Chester Arthur

Jumamosi nilikuwa Lexington Avenue hapa New York, kwenye lile duka la viungo la Kalustyan's, maana iliki za supamaketi hazina harufu kabisa, unapika chai inatoka kama maji ya moto. Natoka na mfuko wangu ndo nagundua kumbe hapohapo namba 123 ndo palikuwa kwake Chester Arthur, na ndani humo aliapishwa kuwa rais wa Marekani, Septemba 1881, saa nane na robo usiku! Nimepita pale mara ngapi jamani.

Basi wikiendi nzima nikawa nasoma habari zake. Mwanzoni alikuwa wakili wa maana tu, alimtetea Elizabeth Jennings, mwalimu mweusi aliyeshushwa kwa nguvu kwenye gari la abiria la kukokotwa na farasi, na 1855 wakashinda kesi, mama akalipwa fidia dola 225. Halafu siasa ikamnogea. 1871 Rais Grant akampa usimamizi wa ushuru bandari ya New York, na pale sasa ndo palikuwa na ulaji wenyewe, ajira kama elfu moja hivi, unapata kwa koneksheni ya chama, na ukishapata unakatwa mshahara kuchangia chama. Bosi mwenyewe anatinga ofisini saa saba mchana. Aliyemshika mkono ni seneta Roscoe Conkling, bosi wa chama cha Republican New York, na Arthur alikuwa chawa wake haswa, mpaka Rais Hayes alipomtimua 1878.

Miaka miwili baadaye chama kinampa nafasi ya kugombea umakamu wa rais pamoja na James Garfield, mgombea urais, ili kundi la Conkling litulie. Conkling akamwambia kataa, Arthur hakumsikiliza, akaikubali. Mkewe Nell alikuwa ameshafariki Januari ya mwaka huohuo, hakuyaona hayo.

Julai 1881 Charles Guiteau anampiga Garfield risasi stesheni Washington, na anatamka kabisa kwamba yeye ni wa kundi la kina Conkling na Arthur, na sasa Arthur atakuwa rais. Hebu fikiria ndo wewe. Garfield akateseka siku 79, na Arthur kajifungia pale Lexington, nchi nzima inamtazama vibaya.

Ndo ikaja barua ya mwanamke asiyemjua, Julia Sand, miaka 31, mgonjwa wa kukaa ndani. Alimchana laivu, kwamba watu wanalia siyo sana kwa sababu Garfield anakufa, wanalia kwa sababu anayefuata ni wewe. Badilika! Na jamaa akabadilika kweli, Januari 1883 akasaini sheria ya Pendleton, ajira za serikali zikaanza kutolewa kwa mtihani na ule mchezo wa kuwakata wafanyakazi mishahara kwa ajili ya chama ukapigwa marufuku. Ilianza na sehemu ndogo tu ya ajira, ila Conkling na genge lake walinuna.

Malaika hakuwa. 1882 alisaini sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini miaka kumi, ile ya miaka ishirini aliikataa, lakini kumi si ndo ileile tu.

Agosti 1882 alienda kwa Julia bila taarifa. Dada wa watu, kwa aibu, akajificha nyuma ya pazia, rais kakaa kama saa nzima anapiga stori!

Arthur alikufa kwa kiharusi Novemba 1886, baada ya kuugua figo. Kabla hajafa aliagiza makaratasi yake yachomwe, yakachomwa kwelikweli. Barua za Julia, zote 23, hazikuguswa.