Siku moja shoruumu wakati magari mapya ni haba: Mombasa Road, Nairobi

Saa moja na nusu asubuhi. Mlango bado umefungwa, na muuzaji anapitia orodha: gari gani liko kiwandani, lipi liko melini, lipi limeshuka Mombasa, lipi limefika yadini. Ukiambiwa "gari liko njiani", omba nambari ya chesisi, ile ya herufi na tarakimu 17. Gari lisilo na nambari hiyo halijaundwa, hata kama umeonyeshwa picha yake.

Ulizia pia sababu ya kuchelewa. Mwaka 2021 chipu za kielektroniki za magari ziliadimika duniani kote. Mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, hivyo magari ya Ulaya yakachelewa. Lakini pikapu ya Thailand huja Mombasa kwa Bahari ya Hindi, haipiti Shamu kabisa. Sababu hiyo usiikubali.

Saa tatu. Mteja anataka pikapu nyeupe, otomatiki.

"Mama, nyeupe zote zina wenyewe. Ya rangi ya fedha iko yadini, ila ni ya gia za mkono."

Kulegeza rangi hupunguza miezi ya kungoja. Gia usilegeze, utaishi nayo kwenye foleni za jiji kila siku.

Saa tano ni ya karatasi, na hapa ndipo pesa hupotea. Ankara ya awali iandike modeli, mwaka, injini, gia, rangi, bei pamoja na VAT ya asilimia 16, na ni siku ngapi bei hiyo haitabadilika. Angalia sarafu. Mapema 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 mwaka huohuo. Kwa gari la dola 30,000, hiyo ni tofauti ya shilingi 900,000. Amana iingie kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya muuzaji, na mkataba useme utarudishiwa lini gari lisipofika. Wanaokopa wachunge tarehe ya barua ya benki ya kukubali mkopo: mara nyingi huisha muda gari likiwa bado baharini, na maombi yakaanza upya.

Saa nane, karakana. Gari lililokaa miezi bila kuwashwa huumia betri kwanza. Fundi anagusisha mita: volti 12.6 imejaa, 12.4 ichajiwe, chini ya 12 dai nyingine kabla ya kutia sahihi. Matairi husafirishwa yakiwa na upepo mwingi. Upunguzwe hadi kipimo cha kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne: 3524 ni wiki ya 35 ya 2024. Kutu nyepesi kwenye diski za breki itatoka ukiendesha. Tafuta jeki, tairi la akiba na ufunguo wa pili.

Saa kumi, usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Jina kwenye kitambulisho na kwenye PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, yalingane herufi kwa herufi. Bima ianze siku ya kutoka getini.

Saa kumi na moja, simu kwa wanaongoja.

"Mzee, gari lako limeshuka Mombasa. Shika kalamu nikusomee chesisi, ulinganishe na ile ya kwenye ankara."