Starlet ya mjomba chini ya mwembe: nilipofika hadi sasa

Juni

Gari ni Toyota Starlet KP61 ya mwaka 1982, zile za taa za mraba, injini 4K ya kabureta, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Imelala uani kwa mjomba, Makorora hapa Tanga, miaka kumi na moja. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma, na kwa jinsi walivyonitazama nilipofungua mlango, niliyevamia nyumba ya watu ni mimi.

Nilimwomba mjomba baada ya kumwamkia, bado nimesimama. Akanyamaza kidogo, akasema, "Chukua, mjomba. Lakini isije ikatoka hapa vipande vipande ndani ya gunia." Basi. Tangu siku hiyo anakaa barazani na kahawa yake, anatazama, hasemi kitu.

Nilianza na injini kwa sababu ndiyo niliyoiogopa. Ilikuwa imegoma kabisa, haizunguki hata kidogo. Nikatoa plagi nne, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, nikaziba matundu kwa vitambaa, nikaiacha. Kila jioni baada ya kazi nilitia soketi kwenye boliti ya puli ya chini na kuivuta taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Kutumia nguvu hapo ni kuvunja ringi. Siku ya tano ikasogea upana wa kidole. Siku ya sita ikazunguka mzunguko mzima, ikatema uchafu mweusi kwenye matundu ya plagi, na shati langu la kazini halikupona.

Julai

Mwezi wa vipuri, na wa kujifunza kuagiza.

Nilipiga simu kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, Dar, nikasema nataka wota pampu ya Starlet. Ikaja kwa basi kesho yake, mpya, nzuri, na haifanani na yangu hata kwa mbali. Kosa langu. Siku hizi ukisema Starlet, kila mtu anafikiria zile za EP, zilizoanza mwaka 1984 na kusukuma kwa tairi za mbele. Injini zake ni ukoo mwingine. KP61 iliishia mwaka huohuo wa 1984, na anayeikumbuka dukani ni mzee mmoja ambaye huenda hayupo siku uliyopiga.

Kwa hiyo mwenye gari kama hili asitaje jina la gari, ataje injini. Ukisema 4K wanakuelewa. Wakikwama, uliza za LiteAce yenye 5K. Hizo injini ni ndugu wa tumbo moja: mwendo wa pistoni ni mm 73 kwa zote mbili, ila 4K ina tundu la silinda la mm 75 (cc 1290) na 5K mm 80.5 (cc 1486). Vitu vingi vya nje vinaingiliana. Nilipata wota pampu ya pili kwa njia hiyo, pamoja na rota na kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme wa plagi, na nilikaa na picha za vya zamani mkononi nikilinganisha tundu moja moja kabla ya kutuma hela.

Tangi la mafuta nililitoa zima. Ndani petroli ilikuwa imegeuka kitu kama lami yenye harufu ya rangi. Nikatia mnyororo wa baiskeli na siki, nikalitikisa hadi mikono ikafa ganzi, nikarudia mara tatu. Kabureta nililifungua juu ya sinia la pilau, kwa sababu zile pini ndogo zikidondoka mchangani umezipoteza. Mama hajui kuhusu sinia.

Agosti, Jumamosi ya kwanza

Tapeti, yaani nafasi za valvu, nilizipanga kwa ubaridi, kwa kukisia, kwa sababu vipimo vyake (mm 0.20 upande wa kuingiza, 0.30 upande wa moshi) ni vya injini ikiwa ya moto. Pointi, ile inayokatakata umeme ndani ya distribyuta, nikaisugua na msasa laini, nikaiacha pengo la mm 0.45. Mpira wa petroli nikauingiza kwenye dumu la lita tano. Betri ya kuazima.

Nikastua. Ikazunguka, haikuwaka. Tena. Tena. Cheche ipo, mafuta yapo. Nikaanza kufungua distribyuta upya, na hapo ndipo sauti ikatoka barazani, ya kwanza tangu Juni:

"Vuta choki."

Nikavuta choki. Ikawaka kwa tapeti zinazogonga kama cherehani, moshi wa ile dizeli ukafunika uwanja mzima, majirani wakaja kuuliza nani anachoma takataka mchana. Mjomba alikuwa amesimama. Kisha akakaa, akaomba kahawa nyingine.

Agosti hadi Septemba: bodi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Watu wanaokuja kutazama wote wanauliza injini, wanafungua boneti, wanatikisa vichwa. Injini ilinichukua wiki nane za jioni. Bodi imekula muda zaidi ya huo na bado haijashiba. Mji huu upepo wake ni wa chumvi, na chuma cha gari hili hata siku linatoka kiwandani hakikuwa kinene.

Nilifunga sumaku ya spika kwenye kitambaa nikaipitisha mwili mzima. Ikishika, kuna chuma. Ikidondoka, kuna puti, ule ujiuji wa kuzibia bodi unaokauka ukawa mgumu. Ilidondoka kwenye vizingiti vyote viwili vya milango, kwenye upinde wa tairi la nyuma kushoto, na chini ya kioo cha mbele. Nilipotia patasi kwenye upinde ule, puti ilitoka bonge zima, unene wa vidole viwili. Nyuma yake waya wa banda la kuku. Nyuma ya waya, gazeti lililokunjwa, na tangazo la mtu anayeuza jokofu bado linasomeka. Fundi aliyefanya vile aliipiga rangi vizuri sana, hilo nampa.

Vitu vidogo, yaani mikono ya bampa, bawaba na kikalio cha betri, nimevitoa kutu kwa ndoo. Maji lita 20, vijiko vitano vya magadi yale ya kulainishia maharage, na chaja ya betri ya kizamani. Waya hasi unashika kitu chenye kutu, waya chanya unashika kipande cha chuma cha kutupa, na vyuma viwili visigusane. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kinaacha sumu ya kromu majini. Na fanya nje, mbali na moto, maana povu lile linatoa haidrojeni. Asubuhi maji yamekuwa rangi ya chai ya mkahawani na kutu inatoka kwa brashi. Kisha paka praima palepale. Niliacha bawaba mbili kukauka hadi baada ya chakula cha mchana, nikazikuta zimeota wekundu mpya.

Vizingiti na sakafu ya upande wa dereva vimekatwa na kuchomelewa bati la mm 1. Nilijaribu mwenyewe kwa mashine ya vijiti na kazi yangu ilikuwa kutoboa matundu makubwa kuliko niliyokuja kuziba. Nikaita fundi wa gesi, mtu mzima, taratibu, anashika nukta hapa, anaruka shibri nzima, anashika nyingine, bati lisijikunje kwa joto. Tangi lilikuwa bado nje. Asiyetoa tangi kabla ya kuchomelea sina la kumwambia.

Oktoba, mpaka jana

Breki. Wili silinda moja ya nyuma, ile inayosukuma breki kwenye tairi, ilikuwa imechimbika ndani, nimebadilisha. Kutoa hewa tulianza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote na masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedeli. Mdogo wangu wa kike ndani, mimi chini: kanyaga, shikilia, achia. Alianza kuchoka kwenye tairi la pili na akataka kujua analipwa nini. Mafuta ya breki yalidondokea kizingiti nilichokwisha kupaka praima, yakaimenya kama ganda la yai.

Jana jioni lilitembea lenyewe, kutoka mwembeni hadi getini na kurudi kinyumenyume. Ukifunga breki linavuta kushoto. Giaboksi inalia gia ya pili. Kuku mmoja alikuwa ameingia tena.

Kilichobaki kinachoninyima usingizi ni mpira wa kioo cha mbele. Wa kwake sijaupata, na ule wa kukata kwa mita niliojaribu unaacha pengo pembeni, kona ya juu kulia. Wingu la vuli limeanza kukaa upande wa bahari kila saa tisa. Gari limefunikwa turubai, na kioo kiko chini ya kitanda changu, kimefungwa kwenye blanketi.