Safari ya Kilindini Kupokea Mafuta ya Zeituni

Nilipanda treni ya asubuhi pale Syokimau nikiwa na faili moja la kijani, ambalo sikuliweka juu pamoja na mizigo mingine bali nililipakata kilomita zote 472 hadi Miritini. Ndani mlikuwa na hati ya shehena, ankara, orodha ya upakiaji, cheti cha asili ya bidhaa na cheti cha ulinganifu kilichotolewa kabla ya mzigo kupakiwa melini. Mlikuwa pia na karatasi niliyoijali kuliko zote, nayo ni cheti cha kosheri, yaani cha kuthibitisha kuwa chakula kinafaa kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, cha kiwanda cha Sfax, nchini Tunisia, kilichotufungia mafuta ya zeituni kwa chapa ya duka letu la Nairobi.

Karatasi hiyo ilitugharimu karibu mwaka mzima wa barua na simu. Wateja wetu Wayahudi, wenyeji na wageni, walikuwa wakituomba mafuta ya bei nafuu kuliko yale yanayobebwa kwenye masanduku ya wasafiri, nasi tukaanza kuulizia Hispania, ambako viwanda vingi vilitaka oda kubwa kuliko uwezo wetu. Tulifikiria pia Israeli, lakini huko zeituni huja na masharti ya ziada, kwa kuwa mazao ya ardhi ile hutolewa mafungu ya zaka kwa mujibu wa Torati na kila mwaka wa saba ardhi hupumzishwa. Mwaka wa mwisho wa mapumziko ulianza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022. Tunisia ilitufaa zaidi. Ni nchi ya mizeituni tangu kale, imo pamoja na Kenya katika COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, tangu mwaka 2018, na kiwanda kilikubali kutufungia kontena moja la futi ishirini.

Watu huniuliza kwa nini mafuta ya tunda yahitaji cheti cha dini, na swali hilo ni la haki. Zeituni yenyewe haina neno. Mafuta bikira ya daraja la juu, yaani yanayokamuliwa kwa mashine tu bila kemikali na ambayo asidi yake haizidi asilimia 0.8, hayachanganywi na kitu. Shaka huanzia njiani: lori la tangi lililobeba mafuta ya mnyama juma lililopita, au mtambo wa kujazia chupa uliopitisha mafuta yenye viungo ambavyo havikukaguliwa. Ndiyo maana msimamizi wa kidini, ambaye Wayahudi humwita mashgiach, hukagua matangi, mabomba na daftari za kiwanda, kisha cheti hutaja kiwanda, bidhaa, chapa na tarehe ya kwisha. Chapa isiyotajwa haina cheti, hata kama mafuta yametoka katika bomba lile lile.

Miritini nilishuka kwenye joto la Februari ambalo mtu wa bara hulisahau kila mara. Nilipanda matatu, nikavuka Makupa na kuingia kisiwani, nikaenda moja kwa moja Shimanzi, kwenye ghala tulilokodi. Wakala wetu wa forodha, mtu mzima ambaye sote humwita Mzee, alikuwa amekwisha kuligomboa kontena na kulisogeza mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sili haijaguswa, njoo usome namba mwenyewe."

Nilisoma namba, ikalingana na ya hati, naye akaikata. Hamali wakaanza kushusha: katoni 480 za chupa kumi na mbili kumi na mbili, za nusu lita, na nyuma yake jerikeni 400 za lita tano, ambazo ni mafuta ya kukaangia, mchanganyiko wa mafuta yaliyosafishwa na mafuta bikira. Nilichukua chupa moja nikaenda nayo kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa ya kioo cha kijani kibichi sana, karibu cheusi, kwa sababu mwanga huyaharibu mafuta haya upesi, na alama ya kosheri ilikaa chini ya msimbo wa mistari, ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilifungua faili nikalinganisha jina la chapa herufi kwa herufi. Lilikuwa sawa.

Kisha nikainua jerikeni. Alama ilikuwapo pale pale, chini ya msimbo wa mistari. Nilirudi kwenye cheti nikakisoma mara mbili, kwa kidole: chini ya chapa yetu palikuwa na mstari mmoja tu, wa mafuta bikira ya daraja la juu. Mafuta ya kukaangia hayakuwamo. Na haya ndiyo yenye haja kubwa zaidi ya usimamizi, kwa kuwa kusafishwa kwake hupitia moto, udongo wa kuchujia na matangi ambayo huenda yalishughulikia mafuta mengine.

Mzee alinitazama nilivyonyamaza. "Mwanangu, mafuta ni yale yale na mwenye kiwanda ni yule yule. Nani atakuja kuuliza?" Sikumlaumu; alikuwa akinihurumia siku za kodi ya ghala. Nilimwambia kuwa mteja anayetafuta alama ile hana njia ya kukagua lori wala tangi, ameniachia mimi, nami siwezi kumuuzia imani yake mwenyewe kwa uongo. Alitikisa kichwa taratibu, akawaamuru hamali wazitenge jerikeni upande wa ukuta.

Kiwandani walikiri kwa simu kwamba mchapaji alitumia mchoro wa lebo ya chupa bila kuuliza. Shirika lililotoa cheti nililiandikia nikiambatisha picha, nikaenda kulala kwa shangazi, Mji wa Kale.

Shangazi alimimina mafuta ya chupa yetu ndani ya kikombe cha kahawa, akayanusa, akachovya mkate wa mofa. Harufu yake ilikuwa ya majani mabichi, na baada ya kumeza yalitupata kooni kama pilipili manga kidogo. Ukali huo ni dalili ya mafuta mapya. Mwenyewe tangu utotoni ameyajua mafuta ya zeituni ya kukandia watoto na kupaka nywele. Nilipomweleza habari za kosheri hakuhitaji maneno mengi. "Kama sisi na halali," alisema. "Basi mwenzio usimtie shakani."

Jibu la shirika lilifika kesho yake saa nne: alama ifunikwe kwenye kila jerikeni na kila katoni yake kabla ya kuuzwa, na tupeleke picha za ushahidi. Nilikwenda Mwembe Tayari nikachapisha karatasi za kubandika 510, nyeupe tupu, zenye gundi kali. Nilimpigia pia mpishi wa hoteli moja ya Diani aliyeagiza jerikeni 60 kwa jiko la wageni wa kosheri. Alikasirika, kisha akaagiza katoni 20 za chupa badala yake, nami nikampunguzia bei hadi faida ikabaki ndogo mno.

Vijana wawili walifanya kazi mchana kutwa, mmoja akifuta vumbi na mafuta kwa kitambaa kikavu, mwingine akibandika, nami nikipiga picha. Jerikeni ya mwisho ilifunikwa saa kumi na nusu. Karatasi kumi zilizosalia nilizitia ndani ya faili la kijani, nyuma ya cheti.